Nakala Hailali Nyumba Moja na Mama Yake

Asubuhi niliyoondoka nyumbani nilikuwa nimetumwa betri za redio. Mama alinipa mfuko wa kuzitia, akaniambia nisikawie kwa sababu baba alitaka kusikia taarifa ya habari ya mchana. Shule nilikuwa nimeiacha, au shule ilikuwa imeniacha. Jambo hilo hatukuwahi kukubaliana. Pale dukani Ndaragwa betri zilikuwa zimekwisha, na lori la kabichi lilikuwa limesimama mlangoni, injini ikinguruma. Dereva akasema anashuka Karatina, na huko betri ni nyingi. Nikapanda juu ya kabichi. Betri hizo sijazipeleka hadi leo, na redio yenyewe naambiwa ilichukuliwa na mtu wa vyuma chakavu.

Naanza hapo kwa sababu Muthoni, ambaye sasa ndiye mkubwa wa ofisi yetu Nyeri, aliniomba nikistaafu niandike kurasa chache juu ya faida za wafanyabiashara kuhamishia mifumo yao ya kompyuta kwenye wingu. Alitaka kitu cha kuwapa vijana wapya wakisome kabla ya kutumwa kwa wateja.

"Andika fupi, Guka," alisema, akiniita babu kwa Kikuyu. "Na uache hadithi."

Faida nitaziandika. Hadithi sijui zinavyoachwa.

Karatina sikupata betri, nilipata soko. Nilizunguka kutwa nikiangalia jinsi watu wanavyopanga nyanya, mbovu zikiwa chini na nzuri juu, kazi ambayo baadaye niliiona tena kwenye ripoti nyingi za ofisini. Jioni muuza viazi mmoja aliniuliza swali ambalo huku kwetu huulizwa kabla ya jina: "Wewe ni wa kwa nani?" Nikamtajia babu yangu. Akafikiri, akakumbuka mtu aliyemjua mtu aliyelima karibu na babu, na kwa ushahidi huo akanikabidhi redio yake mbovu nimpelekee fundi mmoja Majengo, Nyeri. Hakuwa amewahi kuniona. Lakini alijua akinikosa ataenda kumlalamikia nani. Likumbukeni swali hilo, maana ndilo lililotusumbua tulipoanza kuuza wingu.

Fundi mwenyewe aliitwa Baba Saidi. Mlango wake ulitazamana na msikiti, na ndani mlijaa redio zilizofunguliwa matumbo. Nilimpa ile redio, nikabaki nimesimama.

"Unangoja nini?"

"Naangalia vile unafungua."

"Kuangalia ni bure mpaka adhuhuri," akasema. "Baada ya hapo utashika ufagio."

Adhuhuri ilipofika nikashika ufagio. Nilifagia kwa Baba Saidi mpaka nikawa fundi, na chumba nilichopanga nyuma ya duka lake nilikaa nacho kuliko nilivyokaa na chochote kingine maishani.

Alinifundisha mambo mawili. La kwanza lilikuwa hili: usimuulize mteja kitu kimeharibika nini, muulize ni nani aliyekigusa mwisho. Mteja hajui kilichoharibika, lakini aliyekigusa anamjua, na mara nyingi ni shemeji yake. Kanuni hii imefanya kazi kwa redio, kwa taipureta, kwa kompyuta, na inafanya kazi kwenye wingu pia. Vijana mlio na vyeti msiidharau.

Kompyuta zilipoanza kuletwa Majengo, Baba Saidi alifungua ya kwanza, akaitazama ndani kwa muda mrefu, akasema, "Hii ni redio isiyo na la kusema." Kisha akajifunza kuitengeneza. Vifaa vyetu vilikuwa bisibisi, brashi ya kupakia rangi na pampu ya baiskeli. Brashi ilifagia vumbi, pampu ikalipuliza, na kompyuta nyingi za nchi hii zilizosemekana zimekufa zilikuwa zimekosa tu hewa.

Baadaye maduka makubwa na vyama vya wakulima vikaanza kununua seva. Kwa wasioijua, seva ni kompyuta moja inayokaa kwenye kona, na nyingine zote dukani zinaiuliza kila kitu, kama ukoo unavyomuuliza babu. Babu akiumwa, hakuna anayejua lolote. Kazi yangu kwa miaka mingi ikawa kuzunguka mlima nikitibu mababu.

Na mababu hao waliwekwa pabaya. Kitabu cha maelekezo kilisema seva ikae mahali pakavu, penye baridi na pasipo vumbi. Wenye maduka waliielewa hivi: ikae stoo. Karatina niliikuta moja katikati ya magunia ya maharagwe, panya wamezaa juu yake kwa sababu ya lile joto. Kerugoya nyingine ililaliwa na paka, aliyeajiriwa kwa ajili ya panya akaona ni afadhali achukue nafasi yao. Kutus kulikuwa na duka la vifaa vya ujenzi ambalo paa lake lilivuja juu ya seva peke yake. Duka hilo liliuza mabati. Mwenyewe alitundika karai pale juu likinge maji, na kijana mmoja akapewa kazi ya kulimwaga.

Huyo wa Kutus nilimwomba awe na nakala ya kila kitu kwenye diski ya pembeni. Akanunua diski nzuri, akaifunga kwa nailoni, akaiweka juu ya seva. Wezi walipokuja walibeba vyote viwili. Nilimsimulia Baba Saidi, ambaye macho yake yalikuwa yamechoka na alikuwa ameniachia kazi za nje. Hapo ndipo aliponipa jambo la pili.

"Nakala," akasema, "hailali nyumba moja na mama yake."

Nimelirudia neno hilo katika kila mji wa mlima huu. Wote walikubali kwa kichwa. Kisha wakaiweka nakala karibu, mahali ambapo wangeweza kuiona.

Sasa niwajulishe kwa Mzee Ndiritu, mteja wangu wa kwanza na wa mwisho. Mzee Ndiritu ana studio ya picha na kiwanda kidogo cha uchapaji pale Nyeri mjini. Alianza na kamera ya filamu, na watu wa pande hizi karibu wote wamepita mbele yake: wachumba, watoto wa ubatizo, akina mama siku ya soko. Mtu akifa, familia humwendea Mzee awachapishie kile kijitabu cha mazishi chenye historia na picha za marehemu. Huku kwetu mtu akizikwa bila kijitabu, watu huuliza kama alikuwa na watoto. Na mara nyingi picha pekee ya marehemu duniani ni ile aliyoipiga Mzee mwenyewe, akaihifadhi. Zote alikuwa amezitia kwenye seva. Kwa hiyo mle ndani, katikati ya ankara na kadi za harusi, kulikuwa na nyuso za watu ambao hawangepigwa picha tena.

Seva hiyo ilikaa kwenye chumba chenye mlango wa chuma. Ufunguo ulikuwa mmoja, na Mzee aliuvaa shingoni kwa kamba, pamoja na simu yake ndogo ya vibonye. Nakala ilikuwa kwenye sanduku la bati. Sanduku lilikuwa ndani ya chumba hichohicho.

"Mzee, hii nakala ingekaa nyumbani kwako."

"Nyumbani hakuna mlango ya chuma."

"Na moto ukishika hapa?"

"Moto itapitia wapi, Fundi? Mlango imefungwa."

Moto ulipitia kwenye waya. Stima ilipotea siku ya mvua, ikarudi kwa hasira, ikaichoma seva na diski ya nakala, iliyokuwa imeachwa imeunganishwa. Muthoni alikuwa ametoka chuoni karibuni, akajiunga nasi. Alikaa na ile diski kama muuguzi kwa wiki nzima, akaokoa karibu kila kitu. Lakini karibu si chote. Niliwaona watu wakija kwa Mzee kuulizia picha, akijifanya anatafuta, akihamisha makaratasi kutoka upande huu wa meza kwenda ule, kwa sababu hakuweza kutamka kwamba hazipo. Baada ya hapo ndipo alipokuwa tayari kusikia habari za wingu.

Wauzaji wa wingu walikuja kutoka Nairobi wakatuita hotelini, wakatupa chai na sambusa, wakatuonyesha mishale iliyokuwa ikielekea juu. Walisema kweli tupu, na bado hawakueleweka. Waliahidi kwamba mali ya mtu ingetunzwa kwenye majumba yenye ulinzi, ng'ambo, na nakala zake katika nchi nyingine.

Mzee Ndiritu akanyoosha mkono. "Huyo anatuwekea, ni wa kwa nani?"

Kijana akasema ni kampuni kubwa sana, inatumiwa dunia nzima.

"Sijauliza ukubwa. Nimeuliza, hizo picha zikipotea, nitaenda kuketi kwa boma ya nani mpaka anijibu?"

Kijana akasema kuna nambari ya huduma kwa wateja. Ukumbi ukacheka kwa upole, kama watu wanavyomcheka mgeni aliyeuliza njia ya kwenda mahali aliposimama.

Jioni hiyo Muthoni alimjibu vizuri kuliko wao. "Mzee, boma ya fundi wako unaijua. Yangu pia unaijua. Zikipotea, kuja uketi kwetu." Mzee akasema hiyo sasa ni kampuni. Tukamhamisha.

Hapa ndipo mahali pa faida, na vijana mnaweza kunakili. Kwenye wingu seva si yako, kwa hiyo panya si wako. Stima ikipotea Nyeri, kule haijapotea. Mwizi akivunja duka atabeba kompyuta, ambayo ni bati na kioo, lakini kazi yako hataibeba. Ukitaka nafasi zaidi unaiomba, hungoji mtu alete diski kutoka Nairobi. Programu zinajirekebisha zenyewe, wakati mwingine hata pale ulipokuwa umezizoea. Na unaweza kuifikia kazi yako ukiwa popote duniani penye mtandao. Hiyo ya mwisho wauzaji waliisifu kuliko zote. Faida niliyoiona mimi mapema kabisa ni kwamba simu yangu iliacha kulia. Nilikuwa nimewauzia wateja wangu wote dawa ya kutonihitaji.

Lakini mlango wa wingu nao una kufuli. Mtu akitaka kuingia anaandika nenosiri, kisha mfumo unatuma tarakimu kwenye simu aliyoichagua mwenye mali, naye anazisoma. Muthoni alitaka tarakimu hizo ziweze kwenda kwenye simu kadhaa: ya Mzee, ya karani wake, ya ofisi yetu. Mzee alikataa. Alichagua simu moja, ile iliyokuwa shingoni kwake.

"Stoo ya mtu inafunguliwa na mwenyewe," akasema.

"Na ukiwa mbali?" Muthoni akauliza.

"Nitakuwa mbali niende wapi?"

Siku nyingi mpango huo ulikwenda vizuri. Mfumo ulipodai tarakimu, karani aliita, Mzee akavaa miwani, akazisoma kwa sauti ya mhubiri, na kazi ikaendelea. Tulikuwa tumempa stoo isiyo na ukuta, inayofikika kutoka kila pembe ya dunia, naye akawa ameitia mlango wa chuma na ufunguo mmoja.

Halafu akaja Nyokabi.

Alikuja asubuhi, mama yake akizikwa kesho yake. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye koti la mvua na sauti iliyokwisha kulia. Mama yake hakupenda kamera maisha yake yote. Nyumbani walikuwa na picha ya kitambulisho tu, na hiyo ilimwonyesha kama mtu anayesubiri kuhukumiwa. Lakini Nyokabi alikumbuka kwamba Mzee Ndiritu aliwahi kumpiga mama picha soko la Karatina, akiuza nyanya, akicheka.

"Hiyo ndiyo nataka," akamwambia karani. "Wajukuu wengine hawajawahi muona akicheka. Amekuwa mgonjwa tangu wazaliwe."

Karani akafungua kompyuta. Mfumo ulikuwa umemtoa, kama unavyofanya mara kwa mara, ukataka tarakimu. Na Mzee hakuwepo. Alikuwa ruracio, ile siku ya kujadiliana mahari, ya mtoto wa dada yake, kwenye vijiji vya majani chai vilivyo juu ya Kutus, chini kabisa ya msitu. Yeye ndiye aliyekuwa msemaji wa upande wa msichana. Simu yake haikupatikana, kwa sababu huko mtandao unafika kilimani peke yake.

Muthoni aliitwa, akajaribu kila njia halali. Ile nambari ya huduma kwa wateja ilijibu kwa adabu kubwa kwamba wakipewa uthibitisho wangeshughulikia ombi katika siku chache za kazi. Nyokabi alikuwa ameketi kwenye benchi akisikiliza.

"Mwambieni mama angoje siku chache za kazi," akasema.

Mimi sikuwa na kazi siku hiyo, kama nilivyokwisha eleza. Nikashika gari hadi Kutus, kisha pikipiki kupanda juu. Muthoni alibaki mbele ya kompyuta, Nyokabi kando yake, simu ikiwa tayari mezani.

Nilifika wakati mbaya. Anayejua ruracio anajua kwamba maneno yakishaanza, nyumba haiingiliwi ovyo. Wazee walikuwa wameketi pande mbili, na Mzee Ndiritu alikuwa amesimama katikati akieleza, kwa mithali, kwa nini mbuzi walioletwa walikuwa wembamba. Akaniona mlangoni.

"Fundi, wewe uko upande gani? Umeleta mbuzi ama umekuja kula?"

Watu wakacheka. Nikamnong'oneza sikioni. Akawageukia wote.

"Wazee, kuna mama amelala mochari Nyeri anangojea mimi nifungue mlango. Mbuzi hazitanona nikiwa nje."

Upande wa mvulana ulisema aende, achukue muda wake wote. Nadhani walishukuru kwa dhati.

Tulipanda kilima kati ya majani chai, Mzee akiwa na suti na fimbo, mpaka kwenye jiwe ambalo watu wa kijiji hulitumia kama kibanda cha simu. Nikampigia Muthoni. Akauomba mfumo tarakimu. Tukangoja. Hazikuja. Akaomba tena. Mzee aliishika ile simu ndogo mkono ukiwa umenyooshwa, kama anayempimia mtu joto.

"Ati imetumwa?"

"Imetumwa, Mzee."

"Basi imetumwa kwa mtu mwingine."

Nikaomba niione. Kwenye kona ya kioo palikuwa na bahasha ndogo iliyokuwa ikiwaka na kuzimika. Niliijua. Simu za aina hiyo zina nafasi ya jumbe chache tu, na zikijaa, mpya hauingii mpaka wa zamani ufutwe.

"Imejaa," nikasema. "Futa hizi za zamani, itaingia."

Aliendelea kuishika vilevile. Nikadhani hajui namna ya kufuta, nikabonyeza nimwonyeshe, na ndipo nikaziona. Zote zilitoka kwa jina moja, Mama Wangeci. Huyo alikuwa mkewe, aliyekuwa amefariki, na sisi wote tulikwenda kumzika.

*Nunua sukari.* *Uko wapi.* *Chakula iko kwa jiko, usiamshe watoto.* *Umebeba koti?*

"Za kampuni ya simu nilifuta zote," Mzee akasema, akiangalia bonde. "Za watu pia nilifuta. Hakuna kitu ingine iko hapo."

Laini ya simu yangu ilikuwa bado wazi, na kule Nyeri Muthoni alikuwa anasikia. Nyokabi pia alikuwa anasikia.

Kwa miaka yote ya kazi yangu nilikuwa nimewahubiria watu habari za nakala, na hapa palikuwa na mtu aliyekuwa na kitu kimoja, mahali pamoja, kwenye kamba shingoni. Nikamwambia anishikie kofia ikinge jua. Nikaikata ile simu, nikawasha kamera yangu, nikaupiga picha kila ujumbe, mmoja baada ya mwingine, pamoja na saa na jina. Mzee alisogeza kofia kila kivuli kilipohama. Mpiga picha ni mpiga picha. Aliniambia mara mbili kwamba nazipiga zikiwa zimepinda.

Kisha nikazituma zote kwa Muthoni. Mtandao wa jiwe lile ulizipeleka polepole, kama mtu anayevusha kuku mtoni. Nilipompigia tena, Muthoni akasema, "Zimefika, Mzee. Nimeziweka mahali mbili. Hakuna mtu atafungua."

"Sasa ziko wapi na wapi?" Mzee akaniuliza.

"Kwa simu yako. Kwa yangu. Kwa Muthoni. Na kule juu."

"Na hazilali nyumba moja."

"Hazilali."

Alivaa miwani akaanza kupitia, akitafuta wa kufuta. Alichukua muda, na hakuna aliyemharakisha, hata yule aliyekuwa na maziko kesho. Mwishoni akanionyesha mmoja. Ulisema: *Umechelewa tena.*

"Hii," akasema, "hata yeye mwenyewe angefuta."

Akabonyeza. Muthoni akaomba tarakimu kwa mara nyingine, na simu ikalia mkononi mwa Mzee. Akazisoma kwa sauti ya mhubiri, majani chai yote yakisikia. Kule Nyeri Muthoni akasema, "Imefunguka." Tukasikia vidole kwenye kibodi, na baada ya hapo sauti ya Nyokabi, ndogo sana.

"Ni yeye. Anacheka."

"Mwambie karani asikate chini," Mzee akaita kwenye simu. "Hiyo kikapu ya nyanya ionekane. Watu wasifikirie alikuwa amesimama tu bure."

Tukashuka. Katikati ya njia akasimama, akajifanya anapumzisha goti.

"Ile simu ya pili Muthoni alikuwa anasema. Aiweke."

"Na ya tatu, ya karani?"

"Fundi, usizoee."

Akarudi ndani kuwamaliza watu wa mbuzi. Vijitabu vilichapwa jioni hiyo, na kesho yake makaburini niliona watoto wadogo wakimwangalia cucu, bibi yao, akicheka, huku mahubiri yakiendelea bila wao.

Kwa hiyo, Muthoni, faida za wingu ndizo hizo, na zote ni za kweli. Vijana wawaeleze wateja. Lakini kabla ya kumhamisha mtu, wamuulize ufunguo atauweka wapi, na wasimcheke akijibu. Mtu hufunga mlango kulingana na kile alichowahi kupoteza. Halafu waulize ni nani aliyeugusa mfumo mwisho.

Baada ya hapo nilikaa ofisini muda kidogo, nikiitwa mshauri, maana yake mtu anayeletewa chai. Mababu wote wa mlima walikuwa wamehamia mawinguni, na hakuna aliyehitaji pampu ya baiskeli. Nilimwachia Muthoni ile brashi. Pampu pia nilimwachia, akaniuliza ataitumia wapi, nikamwambia anunue baiskeli.

Siku nilipofungua chumba changu Majengo na kuona hakuna kilichobaki cha kufungua, nilitoka asubuhi kununua maziwa. Dukani kulikuwa na gari la mtu anayepeleka mbegu za viazi upande wa mashariki ya mlima, upande ambao sikuwahi kuufanyia kazi. Maziwa huko, alisema, ni mengi.

Nimefika Chogoria jioni hii. Mlima kutoka huku umegeuka, kama mtu niliyemjua uso na sasa namwona kisogo, na Kimeru chao nakishika nusunusu. Nimepata nyumba ya wageni, safi, yenye maua mlangoni. Mwenyewe ni mama aitwaye Mama Kendi. Alichukua kitambulisho changu, akaandika jina kwenye simu yake, akanionyesha kwa fahari.

"Hii haiwezi potea, Mzee. Tulihama kwa wingu. Hata hii nyumba ikichomeka, jina yako iko."

Nikamwambia amefanya vizuri sana. Akanipa ufunguo wa chumba, umefungwa kwenye kipande cha mti kikubwa kama mwiko, ili mgeni asiusahau mfukoni.

"Usiupoteze," akasema. "Hapa chini nimebaki na huo tu."

"Na wa pili?"

"Uko. Uko ndani ya chumba chako, kwa droo. Hapo hakuna mtu anaweza kuufikia."

Nilifungua mdomo. Kisha nikakumbuka kwamba nimestaafu, nikamshukuru, nikapanda ngazi nikiwa nimeushika ule mti kwa mikono yote miwili.